Mbegu ya Sh310 Haioti Garissa

Novemba 2014, runinga ya KTN ilipeperusha uchunguzi kuhusu mhubiri mmoja wa Nairobi aliyewataka waumini "wapande mbegu" ya Sh310 kwa M-Pesa ili wavune muujiza. Nchi ilicheka, ikakasirika, kisha ikageuza kiasi hicho kuwa utani wa mitandaoni. Mhubiri alionekana tapeli. Fundisho lenyewe halikuulizwa swali hata moja.

Mwezi huohuo, alfajiri ya tarehe 22, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na wanamgambo wa al-Shabaab. Abiria walitengwa kwa dini, na 28 wasio Waislamu wakapigwa risasi. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba, baada ya kuwafundisha watoto wa wenzao mwaka mzima. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa karibu na mji wa Mandera.

Habari hizo zilipita kwenye skrini zilezile kana kwamba hazijuani. Zinajuana sana.

Injili ya mbegu inafundisha kwamba dhiki ndiyo msimu wa kupanda. Aliyefilisika atoe kwanza, tena atoe mpaka aumie, kwa kuwa Mungu hurudisha mara thelathini, mara sitini, mara mia. Tumaini la Mkristo, kwa hesabu hiyo, ni "upenyo" atakaoupata kabla ya mwaka kwisha: kazi, kiwanja, mume, visa. Asiyeupata aliyumba kiimani au alipanda mbegu ndogo. Fundisho hili halikai tena pembezoni. Limeingia katika makanisa ambayo zamani yalilicheka, husikika kwenye vipindi vya redio vya usiku na matatuni asubuhi, na Wakenya wamelizoea hata hawalioni kuwa ni fundisho. Wanaliita imani.

Mahali pa kulipima ni kule ambako dhiki haihitaji mhubiri wa kuieleza. Mwenyeji wa Garissa anayevuka daraja la Mto Tana kuelekea Nairobi husema anakwenda "Kenya". Kauli hiyo imebeba miongo ya kusahauliwa: vita vya miaka ya 1960, utawala wa hali ya hatari uliodumu hadi 1991, barabara za vumbi, na ukame unaorudi kabla mifugo haijapona kutokana na ule wa kwanza. Upande huo wa mto Wakristo ni wachache. Ni walimu, wauguzi, askari, mafundi, wenye vibanda na wanafunzi, wengi wao wakitoka mikoa mingine. Dayosisi ya Katoliki ya Garissa, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 1984, ina eneo kubwa kupita nchi kadhaa za Ulaya, na waumini wake ni haba.

Wachache hao wamekwisha kulipa. Jumapili ya 1 Julai 2012 washambuliaji walitupa maguruneti na kufyatua risasi katika kanisa la AIC mjini Garissa ibada ikiendelea, wakaua watu wasiopungua 15. Kanisa kuu la Katoliki lilishambuliwa siku hiyohiyo. Kisha ikaja Alhamisi Kuu ya 2 Aprili 2015. Wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya mapambazuko, na kati ya waliowakuta mwanzo ni wanafunzi Wakristo walioamka kusali. Hadi jioni watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi. Kama Mungu angekuwa analipa bidii ya ibada kwa usalama na mafanikio, vijana wale waliowahi maombi wakati wenzao wamelala ndio wangekuwa wa kwanza kulipwa.

Watetezi wa mbegu wana jibu: hao ni mashahidi, habari yao ni nyingine, kanuni inabaki palepale. Jibu hilo linafaa kuchunguzwa vizuri. Kanuni inayofanya kazi Nairobi na kukwama Mandera haiwezi kuitwa sheria ya Mungu. Kinachoitwa mavuno mjini mara nyingi ni mshahara, soko, bima, hospitali iliyo karibu na jamaa mwenye cheo. Mtu aliyezungukwa na hayo akitoa sadaka Januari na kupata kandarasi Machi, ataunganisha mambo hayo mawili na kusimama mimbarani kushuhudia. Mfugaji wa Wajir aliyepoteza ng'ombe wote hasimamishwi popote kutoa ushuhuda. Kwa hiyo shuhuda zinazosikika ni za walionusurika tu, na kanuni iliyojengwa kwa ushahidi wa namna hiyo ingekataliwa hata na hakimu wa mahakama ya chini.

Hata hivyo, hoja yao yenye nguvu haiko katika shuhuda. Iko katika Maandiko, na humo ndimo wanamopaswa kujibiwa.

Wanaanza na mjane wa Sarepta katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Nchi imekauka. Mama huyu amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na Eliya anamwambia amwandalie mkate yeye kwanza. Anatii, na unga hauishi. Mahubiri mengi ya sadaka huishia hapo, kapu likipitishwa. Lakini hadithi yenyewe haiishii hapo, wala haisemi yale inayosemeshwa. Unga ule haukujaza ghala wala kumfanya mama tajiri. Ulimfikisha kesho, na kesho yake, mpaka mvua iliponyesha. Eliya alikula mkate uleule katika nyumba ileile. Hakuubeba akaondoka nao. Tena alikuwa mkimbizi, na mama aliyempokea alikuwa mgeni wa kabila na dini nyingine, mtu wa nchi ya Sidoni. Baada ya utiifu huo wote mwanawe aliugua akafa, na mama akamlaumu nabii. Mtoto alirudishiwa uhai, ndiyo. Ila hakuna namna ya kuisoma sura hiyo nzima mtu akatoka na hati ya dhamana kwamba anayetoa hafikwi.

Kisha wanamfungua Malaki, sura ya tatu, mahali Mungu anapowataka watu walete zaka kamili ghalani wamjaribu. Mstari huo hutundikwa ukutani peke yake kama kalenda. Ghala lile lilikuwa la chakula. Zaka ya Israeli ilikuwa nafaka, divai, mafuta na mifugo, na Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iliwe na Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane, washibe. Mistari mitano tu kabla ya ule unaopendwa, Malaki anawataja watakaohukumiwa: wanaowapunja vibarua ujira wao, wanaowaonea wajane na yatima, wanaomnyima mgeni haki. Nabii alikuwa akikemea taifa lililowaacha maskini bila chakula. Kumgeuza awe wakala wa kuchukua chakula cha maskini ni kumpindua kichwa chini miguu juu.

Anayebaki ni Paulo, na maneno yake kwa Wakorintho kuhusu apandaye haba na apandaye kwa ukarimu. Hapa ndipo injili ya mbegu inapojidhuru yenyewe, maana sura mbili hizo, ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili, zinahusu mchango halisi kwa ajili ya watu wenye njaa. Matendo ya Mitume inasimulia njaa ya wakati wa Kaisari Klaudio, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54, na jinsi waumini wa Antiokia walivyotuma msaada Yudea. Baadaye Paulo alizunguka Makedonia na Akaya akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Wamakedonia aliowasifu walikuwa fukara, na hakuna mahali panaposema walitajirika baadaye. Lengo la mchango analitaja mwenyewe: usawa, ili ziada ya hawa izibe pengo la wale. Na mavuno ya Paulo yalikuwa nini? Alifika Yerusalemu na fedha za watu, akakamatwa hekaluni, akafungwa Kaisaria, akasafirishwa Roma akiwa mfungwa. Kwa hesabu ya mbegu, Paulo alikula hasara.

Kaskazini Mashariki inamjua mtu mwingine aliyekula hasara ya namna hiyo.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, akaja Kenya 1969. Hakuwa mtawa. Alifika Wajir kama mwalimu, akaanza kuwahudumia watu waliokwepwa na wengine: walemavu, na zaidi ya wote wagonjwa wa kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa aibu kiasi cha mgonjwa kufichwa na ndugu zake. Tatizo la matibabu lilijulikana. Dawa zilimezwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na mfugaji wa kuhamahama hawezi kukaa hospitali mwaka mzima wakati ngamia wanafuata malisho. Mnamo 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa walijenga manyatta zao karibu na kituo, wakaishi kama walivyozoea, wakameza dawa mbele ya wahudumu kwa miezi sita, kisha wakarudi kwenye mifugo yao wakiwa wamepona. Njia hiyo ya kumwona mgonjwa akimeza dawa baadaye ikawa msingi wa matibabu ya kifua kikuu ulimwenguni.

Februari 1984 jeshi liliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa, bila maji, na wengi wakauawa. Serikali iling'ang'ania kwa miaka kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wanataja mamia kwa mamia, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 iliwaunga mkono kwamba idadi ya serikali haikuwa ya kweli. Tonelli alikwenda kuokota majeruhi na kuzika maiti, akasaidia habari zifike nje ya nchi. Malipo yake yalikuwa kulazimika kuondoka Kenya. Akahamia Somalia, akaendelea na wagonjwa wa kifua kikuu katikati ya vita, hatimaye Borama. Juni 2003 alipokea Tuzo ya Nansen ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huohuo alipigwa risasi akafa katika uwanja wa hospitali aliyoijenga.

Miaka zaidi ya thelathini ya kutoa, na mwisho wake risasi. Mhubiri wa mbegu anapaswa kukieleza kifo hicho. Akisema Tonelli alikosa imani, atachekwa na kila mzee wa Wajir aliyepona kifua kikuu. Akisema mavuno yake yako mbinguni, amekwisha kukubali kwamba sadaka haina risiti ya duniani, na hapo biashara ya Sh310 imefungwa.

Kuna jambo jingine ambalo Garissa inalifundisha, na ambalo mahubiri ya mafanikio hayana nafasi ya kuliweka. Baada ya mauaji ya kanisani ya Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walikubali vijana wao walinde makanisa wakati wa ibada. Desemba 21, 2015, al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewavika Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi katika tukio hilo, akafa hospitalini Januari 2016. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi ya "Watu Wote" iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018.

Salah Farah hakupanda mbegu ili avune. Alitoa alichokuwa nacho kwa watu wasio wa dini yake, na Mkristo anayemsoma mjane wa Sarepta anapaswa kumtambua mara moja. Ndivyo ilivyo pia kwa desturi za Wasomali ambazo kanisa dogo la Garissa limezikuta hapo: zaka ya Kiislamu yenye mafungu yanayotajwa wazi ya wanaostahili, na qaaraan, mchango wa ukoo kwa aliyeunguliwa, aliyefiwa au aliyebaki bila mifugo. Ukoo ukichanga, hakuna anayeahidiwa gari. Watu wanachanga kwa kuwa mwenzao ameanguka, na kwa kuwa ukame ujao unaweza kumwangusha yeyote.

Watetezi wa mbegu watabisha kwa namna mbili zaidi, na zote zina uzito.

Kwanza, kwamba maskini anahitaji tumaini, na kumnyima mahubiri ya upenyo ni kumwachia giza. Kweli, anahitaji tumaini. Lakini tumaini lenye tarehe humalizika tarehe ikifika. Mvua ziligoma misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Anayeahidiwa upenyo msimu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, afanye nini wa tano? Ama amkane Mungu, ama ajilaumu. Nabii Habakuki aliimaliza sala yake kwa namna ambayo mfugaji anaielewa bila mfasiri: hata zizi likiwa tupu, bila ng'ombe hata mmoja, yeye atamfurahia Bwana. Hakusema atamfurahia kwa sababu ng'ombe wanarudi. Tumaini hilo halifi na ng'ombe, kwa hiyo lina nguvu za kumtoa mtu nyumbani kwenda kugawana nusu kilo ya unga na jirani msimu wa tano. Na mvua za mwishoni mwa 2023 zilikuja kama mafuriko, zikakata barabara ya Garissa upande wa Madogo na Mororo. Hata jibu la sala lilihitaji mashua.

Pili, kwamba bila ahadi ya malipo watu hawatatoa, na makanisa yatafungwa. Hoja hii inawatusi Wakenya. Julai 2011, njaa ilipoikumba kaskazini na Dadaab ikifurika wakimbizi hadi kambi zikapita watu 400,000, wananchi waliombwa kuchangia kampeni ya "Kenyans for Kenya" iliyoendeshwa na Shirika la Msalaba Mwekundu, vyombo vya habari na kampuni kubwa. Lengo la shilingi milioni 500 lilipitwa ndani ya wiki chache. Sehemu ya fedha hizo ilikuja kwa M-Pesa, chombo kilekile cha mbegu, vijisenti kwa vijisenti, kutoka kwa watu wasiowahi kufika Wajir. Hakuna aliyewaahidi muujiza. Walionyeshwa watoto wenye njaa, wakaambiwa fedha zitakwenda wapi, wakatoa.

Kwamba mchungaji anapaswa kula na paa la kanisa linapaswa kuezekwa, hakuna anayepinga. Kwamba maskini naye ana heshima ya kutoa, Yesu mwenyewe alilishuhudia alipomtazama mjane akitia senti zake mbili katika sanduku la hekalu. Ila Marko, anayesimulia habari hiyo, anatanguliza onyo la Yesu dhidi ya viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Aliyezipanga habari hizo zifuatane alitaka zisomwe kwa pamoja. Mimbari nyingi husoma ya pili na kuiruka ya kwanza.

Baada ya Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, serikali iliunda jopo la kuchunguza namna ya kuyasimamia mashirika ya dini. Sheria huenda ikasaidia. Serikali inaweza kusajili kanisa, kukagua hesabu zake na kumshtaki muuaji. Haiwezi kusahihisha mahubiri. Hiyo ni kazi ya wanaokaa kwenye viti vya kanisa Jumapili, na inaanza kwa maswali ya kawaida.

Sadaka ya mwezi uliopita ilikuwa kiasi gani, na ilikwenda wapi? Je, kuna fungu lililotengwa kwa wenye njaa, na linawafikia hata wasio washirika, kama dawa za Wajir zilivyowafikia Waislamu bila kuulizwa dini? Mzazi aliyeshindwa karo aliombwa mbegu, au alilipiwa karo? Na pale mtumishi wa Mungu anaposema dhiki ndiyo msimu wa kupanda, yeye amepanda nini katika shamba la jirani yake, na nani alimwona?

Msomaji ambaye kanisa lake haliwezi kuyajibu maswali hayo hana sababu ya kuacha kutoa. Aipeleke sadaka yake mwenyewe mahali inapohitajika: kwa jirani aliyelala bila kula, kwa shule ya mpakani iliyokosa mwalimu, kwa wodi ya kifua kikuu. Wajir ingali na wodi hiyo.